Msomaji Mwenye Haja

Mwanachuo mmoja wa kozi yangu ya uandishi alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono ameikunja kifuani, akimtazama mwenzake wa mwaka wa kwanza akihangaika na hadubini. Mezani palikuwa na karatasi ya maelekezo aliyoiandika yeye mwenyewe, yenye hatua zilizopangwa vizuri, bila kosa la tahajia wala la sarufi. Msomaji alikuwa amefika hatua ya nne, iliyosema: "Lenzi irekebishwe hadi taswira ionekane bayana." Akaisoma, akairudia, akaishika hadubini upande mmoja, akaiachia, kisha akageuka kutafuta msaada.

Masharti ya zoezi yalikuwa kwamba mwandishi hasemi neno.

Lenzi ipi, ilhali ziko tatu? Irekebishwe kwa kuzungusha nini, gurudumu kubwa la pembeni au lile dogo? Msomaji alichagua kubwa, wakati lenzi ya ukuzaji mkubwa ndiyo iliyokuwa juu ya kioo chenye sampuli, na msimamizi wa maabara ikabidi amzuie kabla lenzi haijakigonga kioo. Anayeijua hadubini huanza na lenzi ya ukuzaji mdogo, na gurudumu kubwa haligusi tena akishapanda juu ya hapo. Mwandishi wetu alilijua hilo vizuri sana. Kwa kuwa alilijua, hakuliandika.

Baada ya kipindi alinifuata mlangoni akaniuliza, kwa heshima yote, "Mwalimu, zile insha zangu zote ulizosahihisha tangu muhula uanze, ulikuwa unazisoma kwa haja gani?"

Nilimjibu kwamba nilizisoma ili nizipe alama na maoni. Akashukuru, akaenda zake. Swali lake nimekaa nalo wiki kadhaa sasa, na kila nikifungua rundo jipya la kazi za wanachuo linanirudia, kwa sababu jibu nililompa lilikuwa la kweli na ukweli wake ndio unaonisumbua.

Msomaji asiyehitaji kujua

Kusahihisha na kusoma ni kazi mbili ambazo kwa nje zinafanana. Anayesoma hukaa na maandishi kwa sababu kuna jambo analolitaka humo: ajue, aamue, atende, au aridhike tu. Anayesahihisha hukaa nayo ili aone kama mwandishi anajua. Mara nyingi msahihishaji anaijua mada kuliko mwandishi, kwa hiyo pengo lolote katika maelezo yeye hulijaza mwenyewe bila hata kutambua kwamba amelijaza. Hatua ya nne ya yule mwanachuo ningeipitisha. Sarufi yake ni safi, msamiati wake ni wa kitaaluma, na mimi najua gurudumu lipi huzungushwa.

Hali hii ni ya miaka mingi. Kozi ya lazima ya uandishi kwa wanachuo wa mwaka wa kwanza, kama vyuo vingi vinavyoifahamu, ilianza kuchukua umbo lake katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, katika miaka ya 1880, na tangu hapo imesimama juu ya insha nyingi fupi zinazosomwa na walimu wachache waliochoka. Mwaka 1975 James Britton na wenzake, nchini Uingereza, walichapisha uchunguzi wa maandishi takriban 2,000 ya wanafunzi wa umri wa miaka 11 hadi 18. Karibu nusu ya maandishi hayo yalikuwa yameandikwa kwa mwalimu akiwa mtahini, na sehemu kubwa ya yaliyosalia ilielekezwa kwa mwalimu huyohuyo katika nafasi nyingine. Walichunguza shule za sekondari, lakini wanaoingia vyuoni hutoka huko, na huja na mazoea ya huko.

Mazoea hayo ninayaona kila muhula. Aya ya kwanza hufafanua jambo ambalo hakuna asiyelijua. Aya ya pili hutangaza kwamba insha hii itajadili kile ambacho kichwa cha insha kimekwisha kukitaja. Watenda hutoweka, kila kitu kikawa kinafanyika, kinazingatiwa, kinarekebishwa, bila mtu wa kukifanya. Zamani nilidhani huu ni udhaifu wa lugha, na kwa baadhi ya wanachuo ndivyo ulivyo. Lakini wengi wao ni mahodari wa lugha. Wamejifunza kwa usahihi kabisa namna ya kumwandikia mtu asiyehitaji kujua chochote, na kwa mtu huyo, maandishi ya namna hiyo yanatosha.

Ndiyo maana kalamu nyekundu haiyaponyi. Ukimwandikia pembeni "fafanua zaidi", mwanachuo mwangalifu atajiuliza ni nani hasa anayetaka ufafanuzi huo, na jibu analolipata ni kwamba hakuna.

Hadhira ya kuambiwa

Dawa ya kwanza ambayo walimu wengi huijaribu ni kubuni hadhira. "Andika barua kwa mkurugenzi wa kampuni fulani." "Jifanye wewe ni mshauri wa wizara." Maagizo haya yana faida yake ndogo, kwa kuwa angalau yanamkumbusha mwanachuo kwamba maandishi huelekea mahali. Hata hivyo mkurugenzi huyo hayupo. Hana haraka, hana hofu, hana bajeti, hana sababu ya kuitupa barua akiwa katikati ya aya ya pili. Mwanachuo anajua kwamba nyuma ya sura ya mkurugenzi amekaa mwalimu yuleyule na mizani yake ileile, na anamwandikia huyo.

Hapa wanazuoni wa uandishi wana mjadala wao mrefu ambao nauheshimu. Mwaka 1975 Walter Ong alitoa hoja kwamba msomaji wa mwandishi daima ni wa kubuni: mwandishi humtengeneza, kisha msomaji halisi huombwa avae nafasi aliyotengenezewa. Mwaka 1984 Lisa Ede na Andrea Lunsford wakatofautisha hadhira inayoelekewa, yaani watu walioko kweli, na hadhira inayoitwa na maandishi yenyewe, wakaonyesha kwamba mwandishi mzuri hushughulika na zote mbili kwa pamoja. Naikubali hoja hiyo. Kinachonitia wasiwasi ni namna tunavyoitumia darasani, tukidhani kwamba kwa kuwa hadhira hubuniwa, basi inatosha kumwambia mwanachuo abuni.

Abuni kwa malighafi gani?

Mtu aliyewahi kuona wasomaji wengi wakikwama ana akiba ya kutosha ya kumwazia msomaji ambaye hajamwona. Aristotle, katika sehemu ya pili ya kitabu chake cha balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, anaeleza tabia za vijana, za wazee na za watu wa makamo, ili msemaji ajue namna ya kusema na kila kundi. Aliyaandika hayo katika ulimwengu ambamo wasemaji walisimama mbele ya mabaraza na mahakama, wakaona nyuso zikikunjamana pale pale. Mwanachuo wangu hajawahi kuona uso wa anayemsoma. Alichokiona ni karatasi inayorudi.

Mkono, herufi na msomaji wa mbali

Kazi inayompa mwanachuo msomaji wa kweli naiita mradi, ingawa neno hilo limechakaa. Linatumika kwa bango la rangi linalobandikwa ukutani siku ya wageni, na kwa kazi ya kikundi ambayo mmoja anaifanya na wengine wanaandika majina. Mwanaelimu wa Marekani William Heard Kilpatrick, alipoandika juu ya mbinu ya mradi mwaka 1918, aliweka kiini chake katika kusudi: mwanafunzi awe na jambo analolikusudia kwa moyo, na kazi yote ielekee huko. Ukiliondoa kusudi, kinachobaki ni shughuli za mikono zisizofundisha uandishi hata kidogo.

Mfano ninaourudia kichwani ni wa mwalimu Mfaransa Célestin Freinet. Alirudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa na jeraha la mapafu, na kuzungumza kwa muda mrefu mbele ya darasa kulimchosha. Mwaka 1924, katika shule ya kijiji cha Bar-sur-Loup, aliingiza mashine ndogo ya kuchapia darasani. Watoto waliandika habari za maisha yao, wakachagua kwa pamoja zipi zichapwe, wakapanga herufi za madini ya risasi moja moja kwa vidole vyao, wakachapa, kisha wakabadilishana kurasa na watoto wa shule nyingine ya mbali, huko Brittany, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa.

Walikuwa watoto wadogo, na mimi nafundisha watu wazima. Lakini mambo mawili katika simulizi hiyo yananihusu moja kwa moja. La kwanza ni kwamba kupanga herufi kwa mkono kunaipa kila neno gharama, na mtu anayelipa gharama ya neno huanza kujiuliza kama linahitajika. La pili ni kwamba upande wa pili wa barua kulikuwa na watoto ambao hawajawahi kuuona ule mlima, ule mto, wala ile kazi ya wazazi iliyosimuliwa. Msomaji wa namna hiyo hawezi kulijaza pengo. Ataliandikia swali, na swali litarudi kwa posta.

Hicho ndicho kipimo ninachokitumia sasa ninapopanga kazi ya muhula. Je, kuna mtu atakayeyatumia maandishi haya kufanya jambo ambalo asingeweza kulifanya bila hayo? Na je, mwandishi atamwona akilifanya, au atapata habari zake? Mwongozo wa hadubini unapita. Kibao cha kizima moto ukutani kinapita, tena kinafundisha mengi kuliko ukubwa wake, kwa sababu msomaji wake amesimama karibu na moshi na hatasoma utangulizi. Anataka kujua kwamba achomoe pini, aelekeze mpira chini penye chanzo cha moto, abane kishikio na apeleke huku na huku. Pendekezo kwa kamati ya maktaba kuhusu saa za kufunga linapita, mradi tu kamati imekubali kweli kulipokea na kulijibu.

Kutazama bila kusema

Njia ya kumtazama msomaji akisoma huku akisema kwa sauti kila linalopita akilini haikubuniwa na mimi. Mtafiti Karen Schriver aliifanyia utafiti wa kina katika madarasa ya uandishi, na mwaka 1992 alichapisha matokeo yake. Wanachuo walipewa maandishi yenye kasoro pamoja na nakala za maneno ya wasomaji waliokuwa wakihangaika nayo, na wakafanya hivyo mara kwa mara. Baadaye, walipopewa maandishi mapya yasiyo na msomaji yeyote pembeni, walikuwa hodari zaidi wa kutabiri mahali msomaji atakapokwama kuliko wenzao waliofundishwa kwa njia za kawaida. Kwangu, matokeo hayo ndiyo yanayoupatanisha ule mjadala wa hadhira halisi na ya kubuni: kumwona msomaji halisi ndiko kunakokuza uwezo wa kumbuni mwingine.

Darasani kanuni ni chache. Mwandishi hukaa au husimama kando, na kalamu mkononi. Msomaji hutenda na kusema. Mwandishi haelezi, hajitetei, hatikisi kichwa, na anaandika mambo ya kuonekana tu: hapa ameacha kusoma, hapa amerudi juu, hapa ameruka hatua mbili, hapa ametazama mchoro kabla ya maneno. Tafsiri zinasubiri.

Ugumu wa kunyamaza huwashangaza wengi. Miaka yote ya shule mwandishi amekuwa na nafasi ya kumweleza mwalimu alichokusudia, na mwalimu mwema husikiliza. Anapozuiwa kusema ndipo anapogundua ni kiasi gani cha maana kilikuwa kimebaki kichwani mwake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na anayejua jambo amesahau kabisa ilivyokuwa kutolijua. Hakuna maelezo ya mwalimu yanayomrudisha huko, ila kumkalia karibu asiyejua.

Lakini jambo lililonigusa zaidi katika vipindi hivi sikulitarajia. Wasomaji wanaokwama hujilaumu wao. "Labda mimi ndiye sielewi." "Samahani, niko polepole." Yule wa hadubini alimwomba radhi msimamizi wa maabara kwa kosa ambalo karatasi ndiyo iliyomwelekeza. Ukimuuliza msomaji kama ameelewa, atakujibu ameelewa, kwa sababu ni adabu kujibu hivyo na kwa sababu hataki kuonekana mjinga. Heshima hiyo ya msomaji huzifunika kasoro za maandishi, na mwandishi anayeridhika na jibu la mdomo ataondoka akidhani amefaulu. Siku hizi nawaambia wanachuo wasiulize swali hilo kabisa. Mpe kazi aifanye, utazame mikono yake.

Kuna wanachuo waliobadilika mbele ya macho yangu kwa sababu ya jambo hilo moja. Waliposikia mtu akijilaumu kwa sentensi waliyoiandika wao, uandishi ulihama kutoka katika suala la alama ukawa suala la namna wanavyowatendea watu.

Shaka ambazo hazijaisha

Si kila mwandishi anafaidika kwa kumfikiria msomaji tangu mstari wa kwanza. Peter Elbow, mwalimu wa uandishi wa Marekani, alieleza mwaka 1987 kwamba kuna hadhira zinazoigandisha akili, na kwamba wakati mwingine mwandishi afumbe macho kwanza, aandike ili ajue anachofikiri, na msomaji aje baadaye. Nimewaona wanachuo ambao, wakishajua kwamba kamati itasoma, hawawezi kuandika hata aya moja. Kwao rasimu ya kwanza ni ya faragha, siikusanyi, siioni. Msomaji anaingia kwenye rasimu ya pili. Mpangilio huu unagharimu muda, na ratiba ya muhula haikutengenezwa kwa ajili yake.

Shaka iliyo nzito zaidi inatoka kwa wenzangu wa idara nyingine, na naona wana haki ya kuitoa. Chuo, wanasema, hakipo ili kufundisha watu kuandika vibao na miongozo. Kiko wapi kile kitendo cha kushika wazo gumu, kulichambua, kupingana na waliotangulia, kufikia hitimisho lako? Je, mradi hauugeuzi uandishi kuwa ufundi wa kutoa maelekezo?

Nimelitafakari hili kuliko jingine lolote. Hatari hiyo ipo, na kozi iliyojaa miongozo mitupu ingekuwa imewapunja wanachuo. Lakini hoja nayo ina msomaji mwenye haja, ila haja yake ni ya namna nyingine: anataka kuamua aamini nini, na ana sababu zake za kutoamini. Muhula huu nilijaribu kuiweka insha ya kitaaluma chini ya kipimo kilekile. Wanachuo waliandika mapitio ya mjadala mmoja wa kitaaluma, na mapitio hayo yakapelekwa kwa kundi jingine la wanachuo ambalo lilitakiwa kujenga insha yake juu yake, bila kuruhusiwa kumuuliza mwandishi. Malalamiko yaliyorudi yalikuwa ya kitaaluma kabisa. Umesema wataalamu hawakubaliani, lakini hukusema wanatofautiana kwenye ushahidi au kwenye maana ya istilahi. Umenukuu matokeo bila kutaja walichunguzwa akina nani. Haya ndiyo maneno ninayoyaandika pembeni mwaka hadi mwaka bila kusikilizwa; yalipotoka kwa mtu aliyekuwa anayahitaji ili kazi yake iende, yalisikilizwa siku hiyohiyo.

Kuna pia suala la wasomaji wenyewe, nalo nalitaja kwa ufupi tu kwa sababu halina utata kwangu. Watu wa nje ya darasa si vifaa vya mazoezi. Maandishi yanayogusa afya, usalama au fedha za mtu hayaendi kwake kabla mwenye ujuzi hajayakagua, na taasisi inayotaka wanachuo waifanyie bure kazi ambayo ingemlipa mwandishi haifai kuwa mshirika wa kozi.

Alama

Linabaki swali la mlangoni. Hata nikileta wasomaji wenye haja kiasi gani, mwisho wa muhula mimi ndiye ninayejaza alama, na kila mwanachuo anajua hivyo. Nikimwachia msomaji wa nje atoe alama, nitamwadhibu aliyepata msomaji mgumu na kumzawadia aliyepata mpole. Nikizitoa mimi kwa kuyatazama maandishi peke yake, nitakuwa nimerudi kwenye kusahihisha, na wanachuo wataniandikia mimi tena.

Nilichoamua kukijaribu ni kuhamisha kitu kinachopimwa. Pamoja na maandishi ya mwisho, kila mwanachuo ataleta rasimu aliyoitumia siku ya kumtazama msomaji, kumbukumbu alizoziandika akiwa kimya, na maelezo ya kurasa mbili yanayonieleza mambo ambayo mimi sikuyaona: msomaji alifanya nini, wapi, mwandishi alibadilisha nini kwa sababu hiyo, na wapi aliamua kutobadilisha ijapokuwa msomaji alikwama, na kwa nini. Hilo la mwisho nalithamini sana, kwa kuwa msomaji naye hukosea, na mwandishi anayekubali kila pingamizi hajafanya uamuzi wowote.

Katika kurasa hizo mbili, mimi ndiye nisiyejua. Sikuwapo kwenye kila meza, sikuusikia kila mguno, sijui kwa nini hatua ya nne imegawanywa kuwa tatu. Mwanachuo akiruka jambo, sitaweza kumjazia. Nitazisoma kurasa hizo kwa sababu ninahitaji kujua yaliyomo, na zisiponieleza nitamrudishia na maswali, kama watoto wa Brittany walivyoweza kufanya. Yule mwandishi wa mwongozo wa hadubini nimekwisha kumwambia hivyo. Ameniuliza kama kurasa mbili zinatosha, nikamwambia aongeze ya tatu iwapo nitaihitaji, na kwamba kuamua kama nitaihitaji ni sehemu ya kazi yake.